Aliyemwosha Sindano

Kabiro, Kawangware
Jumamosi, 12 Julai 2025

Baba Brandon,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unajua masikio yangu yalizibwa nusu na ile homa, na maandishi ya simu kwangu mimi ni mchanga mtupu. Barua inaletwa na Valerie, jirani yako hapo Mashimoni, kwa vile kila siku anakuja kusuka watu kwenye saluni hapa stendi ya 56. Nimeifunga kwa gundi. Mwambie nimeona anavyopenda kusoma mambo ya watu.

Mbwa wako Sindano yuko mzima. Tangu umlete mwezi wa tano, bosi wako aliporudi kwao, amenizoea kiasi cha kunitoa kitini. Nikienda kuweka chai nikirudi nakuta amelala hapo, miguu juu. Kwa sababu ya baridi hii nimemkatia sweta ya marehemu mume wangu, Baba Muchiri, ile ya kijani, nikashona mahali pa miguu. Wapangaji wanamwita Mzee wa Kanisa.

Sasa kuna jambo. Juzi nilimvua sweta niifue, nikaona mapaja yake ya nyuma hayana manyoya. Kote kuwili, nyuma, upara laini kama kiganja, na tumboni pia. Ulipomleta ilikuwa jioni na ulikuwa umemfunika blanketi, kwa hivyo mimi nyuma sikuona. Wapangaji wameshaanza kusema ni upele, utaambukiza watoto wao. Gachanja, yule wa gereji hapa nje, anasema mbwa wa upele ni kupakwa oili chafu ya gari mara moja tu, kwisha. Yeye amepaka wa kwake watatu.

Mimi nimefundisha shule miaka thelathini na moja, sijawahi kufuga mbwa wa kizungu. Niambie: alikuwa hivi tangu huko? Ni ugonjwa? Sitaki mtu aseme mbwa aliharibikia kwa Mwalimu Waceke.

Halafu kuna habari njema. Yule mpangaji wangu wa zamani, Nasipwondi, mliyefanya naye kazi kwa huyo bosi, amerudi kutoka kwao Chwele na nimempa chumba kile kile cha kona. Alipoingia getini Sindano alimrukia mpaka mabegani, mama wa watu akalia. Akaniuliza, "Nani amemleta huyu hapa?" Nikamwambia ni Ouma. Akainama akampapasa mbwa mgongo. Baadaye akasema, "Sawa." Njoo Jumapili kama kawaida yako, mnywe chai nyote wawili.

Ni mimi,
Mwalimu Waceke


Mashimoni, Kibera
16/7/2025

Mwalimu,

Salamu sana kutoka huku. Aketch anakusalimia, na Brandon pia, ameuliza kama Sindano bado anaiba mkate.

Hiyo maneno ya manyoya usijali, Mwalimu. Huko kwa bosi ilikuwa na manyoya poa, kila mahali. Ni hii baridi ya huko Kabiro tu, na kuhama. Mbwa ikihama inakuwa na mawazo kama mtu. Hiyo ngozi yake ni nyembamba, ukikwaruza na kucha inapasuka, kwa hivyo usiipige brashi ngumu, tumia kitambaa. Na asilale simiti. Mwekee kagodoro, hata gunia mbili juu ya nyingine, kwa sababu mifupa yake inasugua chini mpaka manyoya inaisha. Halafu mchemshie omena bila chumvi, mara nne kwa wiki, na yai moja Jumamosi. Mafuta ya samaki ndio inafanya manyoya ing'are. Wiki mbili utaona imemea.

Jumapili sitaweza kuja. Kuna mjengo nimepata Kilimani na foreman hataki kusikia mambo ya kanisa. Hata Jumapili ingine sidhani.

Huyo mama uliyesema, sawa, nimesikia amerudi. Kazi ilikuwa kitambo, sijui kama atanikumbuka vizuri. Hakuna haja ya kumwambia nimekusalimia.

Wako,
Ouma


Kabiro
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Ouma,

Omena nimechemsha wiki mbili na siku tatu. Ploti nzima inanuka ziwa. Waceke binti wa Kikuyu, nasimama na sufuria ya omena nikipuliza kwa kinywa changu, na paka wa Kabiro wote wamepiga foleni getini. Ukweli usemwe, mwili wake unang'aa. Mgongo umekuwa laini, hata Valerie alishika akasema angetaka nywele za wateja wake ziwe hivyo. Lakini mapaja ni yale yale. Upara mtupu. Naona kama umeongezeka.

Na ndipo nimeanza kukosa raha. Umeniambia kwa bosi alikuwa na manyoya kila mahali. Basi ni ugonjwa alioupata mikononi mwangu. Sioni maana nyingine. Ndiyo maana hata huji tena? Jumapili tatu sasa. Kama umeniona mimi ni mchafu, sema.

Mama mmoja wa chumba cha nne amesema mbele yangu, tena kwa sauti kubwa ya kuhakikisha nasikia, kwamba mwenye ploti anafuga upele halafu anasimama kanisani kusoma matangazo. Nilitamani ardhi inifunike. Nilimuuliza Nasipwondi, kwa vile alikaa na huyu mbwa. Akanijibu, "Huo si ugonjwa, Mwalimu. Mwache hivyo." Nikamwambia anieleze basi. Akasema, "Muulize Ouma, Ouma anajua." Akaenda kuanua nguo.

Kwa hivyo nakuuliza. Unajua nini? Nijibu kabla ya Jumatano. Gachanja ameniletea ile oili yake kwenye chupa ya soda, iko chini ya sinki. Usiponijibu nitatumia akili yangu mwenyewe.

Mwalimu Waceke


Kabiro
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ouma,

Jumatano ilipita.

Mbwa yuko sawa. Jumapili ijayo usije, nitakuwa na wageni wa kanisa.

Nilitaka kuuliza jambo moja, kwa kuuliza tu. Mbwa wa aina hii akitapika kwa siku kadhaa na kutetemeka, na ngozi ikawa nyekundu, huwa mnampa nini? Anakunywa maji lakini chakula hataki. Hata kiti changu hataki.

Wapangaji wanasema Nasipwondi alimpaka kitu. Walimkuta kwenye bomba akiwa naye, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mimi sikuwepo. Sijui.

Mwalimu Waceke


Mashimoni
12/8/2025

Mwalimu,

Nimeandikia hii kwa goti, Valerie amesimama hapa mlangoni na viatu mkononi, nimemkatazia kwenda kazi mpaka nimalize.

Ni oili. Najua ni oili, usiniambie ni kitu kingine. Hiyo ngozi inakunywa, haina mafuta ya kuizuia, halafu mbwa ikijilamba inameza. Fanya hivi leo leo. Maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ile ya maji, umwoshe pole pole, umwage, umwoshe tena, mpaka maji itoke safi. Kama alioshwa tayari, angalia kwapani na katikati ya vidole, oili inajificha huko. Usitumie mafuta ya taa hata mtu akuambie nini. Asijilambe, mvalishe fulana safi, si ile sweta, sweta ishaingia oili, choma. Usimlazimishe kutapika. Na uite daktari wa wanyama, anaitwa Gathogo, namba yake nimeandika nyuma ya hii karatasi, mpe Nasipwondi apige. Usingoje kesho. Ile siku ingine ilifika siku ya sita ndio figo ikaanza kusumbua.

Na Mwalimu, hiyo maneno ya Nasipwondi. Hawezi kufanya hivyo. Kama alikuwa na oili kwa mikono ni kwa sababu alikuwa anamwosha. Mimi najua.

Ouma


Kabiro
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Ouma,

Yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalotafuta.

Daktari Gathogo alikuja Jumanne hiyo hiyo. Alimtundikia maji ya dripu kwenye msumari wangu wa kalenda, akamdunga sindano mbili, akaacha dawa ya kupaka. Jana alikula ugali kidogo na maziwa. Mgongo wote umeambuka kama mtu aliyemwagiwa uji. Yale manyoya mazuri ya omena yamekwisha.

Daktari alipomaliza aliangalia yale mapaja akacheka. Akasema hawa mbwa wa mbio, na hata walio nusu kama huyu, wengi wao wanakuwa na upara wa nyuma wakifika mwaka wa pili, na wengine hawamei tena maisha yao yote. Hauwashi, haunuki, hauambukizi. Akaniuliza nani alimpaka. Nasipwondi alikuwa amesimama pale ameshika ule mfuko wa dripu kwa sababu msumari ulikuwa umelegea. Nikamwambia daktari sisikii vizuri.

Ouma, ni mimi. Jumatano tarehe sita, wapangaji wakiwa kazini. Nilitumia brashi ya rangi ya Baba Muchiri, nikampaka ile oili mgongo mzima hadi mapajani. Alisimama tu akanitazama, alifikiri ninambembeleza. Nikamrudishia sweta juu, nikaenda mkutano wa akina mama. Nasipwondi ndiye aliyerudi kutoka kufulia watu akamkuta chini ya sinki anatetemeka, akamwosha. Na nilikaa siku sita bila kuita daktari kwa sababu daktari angeuliza.

Ningekuambia hivi na kunyamaza ningekuwa nimejificha nusu. Sikiliza iliyobaki. Jana wapangaji waliketi uani wakasema Nasipwondi ni mtu wa hatari kwa watoto, kwamba hata kwa bosi wenu Lavington alifukuzwa kwa jambo kama hili, na aondoke mwisho wa mwezi. Wakanitazama mimi nikate maneno. Mimi, niliyekuwa nikisimama mbele ya darasa nauliza nani amevunja dirisha, na asipotokea mtu nachapa wote. Nilikaa kwenye kiti cha mwenye ploti nikasema, "Kama mmekubaliana." Yeye hakunitazama. Alikuwa anamfuta mbwa.

Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Kanisani leo nimewaambia matangazo ya kesho asome mtu mwingine.

Sasa nijibu wewe. Ulisema "ile siku ingine". Ulijuaje ni oili kabla sijasema? Na kwa nini uliniambia alikuwa na manyoya?

Waceke


Mashimoni
20/8/2025

Mwalimu,

Nimeandika hii barua mara tatu. Mbili nimewashia jiko. Aketch ameniuliza naandikia nani mapenzi, nikamwambia siku hizi hata mapenzi ingekuwa rahisi.

Ilikuwa 2019. Sindano alikuwa na miaka miwili. Bosi alienda kwao wiki tatu, akaniambia, "Ouma, mbwa ni mtoto wangu." Wiki ya kwanza nikaona mapaja inaanza kuwa kipara. Nikajua nimekwisha. Nikajua akirudi atasema nilikuwa nakula nyama ya mbwa na kumpatia ugali. Kazi nzuri kama hiyo, ya kuvaa gambuti na ovaroli safi, mtu wa Mashimoni anaipata mara ngapi? Dereva akaniambia vile Gachanja alikuambia. Oili chafu, mara moja tu, kwisha. Nikampaka nyuma ya nyumba ya jenereta.

Siku ya pili mbwa hata kusimama hawezi. Nilikimbia. Kusema ukweli nilikimbia, nikaenda kukaa kwa kibanda cha chai hapo barabarani nikiomba Mungu afe kabla sijarudi, halafu naomba asikufe. Nasipwondi alikuwa wa jikoni, hata kazi ya mbwa haikuwa yake. Ndio alimpata. Alimwosha na sabuni ya vyombo, akamkausha na aproni yake. Ndio alinifundisha yote niliyokuandikia, juu ya kwapa, juu ya vidole. Hiyo barua ya tarehe kumi na mbili haikuwa akili yangu, ilikuwa yake.

Bosi akarudi mapema. Daktari Gathogo akamwambia ni oili. Bosi akaingia jikoni akaona aproni kwa kamba, nyeusi. Akaita watu wote. Akauliza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Nasipwondi, mkono wangu ingegusa wake. Nilingoja yeye aseme ni mimi. Kumbe yeye alikuwa anangoja mimi niseme. Hakuna mtu alisema, na akafukuzwa siku hiyo na begi ya nailoni. Mimi ndio nilimfungulia geti. Alisema tu, "Umpatie maji, Ouma." Nilifunga geti.

Miaka sita nimekula kazi hiyo. Mbwa akapona, na hiyo upara ikabaki, kila asubuhi nikimtoa naiona. Ndio maana nilimleta kwako jioni na blanketi. Nilijua kwa Nasipwondi ni hapo kwako, nilikuwa namsindikiza zamani, lakini nilisikia alirudi Chwele kabisa. Ulipoandika amerudi, nilisoma hiyo mstari tena na tena. Nikafikiria, nikisema upara ni ya zamani, Mwalimu atauliza nilijuaje, ataenda kwa Nasipwondi, yote itatoka. Nikadanganya. Na barua yako ya tarehe mbili ilifika, Mwalimu. Usifikirie Valerie aliipoteza. Niliisoma, nikaona chupa ya soda chini ya sinki, nikaiweka chini ya godoro nikasema Mwalimu ni mtu wa akili, hawezi. Wewe ulishika brashi lakini mimi ndio nilikuachia ushike.

Nakuja Jumapili tarehe 24, saa nane mchana. Nitasema mbele ya wapangaji wote. Yangu ya 2019. Yako siwezi kukusemea.

Ouma


Kabiro
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Ouma,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Hebu tufikirie kama watu wazima. Wewe una kazi mpya, mimi nina miaka sitini na tisa na ploti iliyojaa watu wanaoniita Mwalimu. Jumapili nitawaambia wapangaji kwamba nimemsamehe Nasipwondi na atabaki. Nani atapinga mwenye ploti? Atabaki na chumba chake, mbwa atapona, na hakuna haja ya kufukua mambo ya 2019. Njoo tu, tunywe chai.

Nijibu jioni hii, Valerie aje nayo kesho.

Waceke


Mashimoni
21/8/2025, jioni

Mwalimu,

Umsamehe nini?

Nakuja saa nane.

Ouma


Riruta
Jumapili, 31 Agosti 2025

Ouma,

Mimi si mtu wa barua, lakini ile Jumapili ulisema maneno mengi na mimi nikasema moja tu, "Nimesikia,", na Valerie amesema nyinyi watu wa karatasi hamsikii mpaka muandikiwe.

Ulikuja, ulisimama, ulisema. Uliongea ukiangalia viatu vyako lakini ulisema yote, hata ile ya kibanda cha chai. Nilisikia hata mtoto wa chumba cha nne anatafuna mahindi. Mimi nilikuwa naangalia Mwalimu. Alishika kiti kwa mikono yote miwili kama anataka kuinuka na kiti kinakataa. Nikajua huyu naye ananyamaza, basi. Halafu akaingia ndani. Uliona watu walivyoanza kunong'ona. Na wewe uliona vile alitoka na ile brashi. Yeye ambaye kusikia ni shida aliongea kwa sauti ya darasa, nafikiri hata Gachanja alisikia kwa gereji. "Nani amefanya hivi? Ni mimi, Waceke." Alilia mbele ya wapangaji wake, mama mzima, na hakuna aliyejua amshike vipi. Ikabidi nimshike mimi.

Brashi niliiona siku ile ile ya kwanza, ilikuwa nyuma ya tangi la maji jikoni kwake. Sikuiondoa hapo. Nilisema nitangoja. Wewe nilikungoja miaka sita, yeye nikamngoja siku kumi na nane. Unaniuliza kwa nini sikukutaja kwa bosi. Kila mtu ananiuliza hivyo sasa, kama kosa ni langu. Nilifikiri wewe ni mwanamume utasema. Baadaye nikiwa Chwele nilikasirika mpaka nikaacha kukasirika. Kuna mama mwingine alikuwa amenipa kazi baada ya bosi kunifukuza, akasikia habari ya aproni akanirudisha stendi siku ya pili. Hiyo hukuijua. Sasa ujue.

Uliniomba msamaha na sikujibu. Bado sijibu. Nikiwa tayari utasikia, na kama sitakuwa tayari utasikia pia. Mwalimu aliniomba nibaki, akasema chumba ni changu mpaka nife. Nimempenda kwa hilo lakini nimehama. Siwezi kukaa mahali watu wananiomba chumvi kwa huruma. Wale wale walioniambia niondoke walinibebea kitanda.

Sindano nimemchukua. Mwalimu alikubali, na wewe sikukuuliza. Nyinyi wawili mnampenda, sikatai. Mlimpenda mkaogopa watu wataonaje, mkampaka. Mimi nimemwosha mara mbili.

Manyoya ya mgongo yameanza kurudi, meupe kidogo. Ya mapaja hayajarudi na hayatarudi, na sijamvalisha kitu, siku hizi jua linatoka. Jana tulipita naye 56 sokoni, mama mmoja wa nyanya akaniuliza, "Huyo mbwa ana nini huko nyuma?" Nikamwambia hana kitu, huo ndio mwili wake. Akasema sawa, akaniongeza nyanya mbili.

Ukitaka kumwona, njoo Jumapili. Omena usilete, nanunua mwenyewe. Ila usije jioni. Kuja mchana, watu wakiwa nje.

Nasipwondi